Sakafuni, ofisi ya ununuzi au kampuni ya bidhaa: ulinganisho wa njia tatu za kufikia uongozi wa bidhaa katika supamaketi

Katika supamaketi kubwa ya Nairobi au Dar es Salaam, mteja humwona keshia, mlinzi na kijana anayepanga maziwa kwenye jokofu, lakini hamwoni mtu aliyeamua kwamba maziwa ya kampuni fulani yakae usawa wa macho, kwamba ya kampuni nyingine yashushwe rafu ya chini, na kwamba aina ya tatu isiingie dukani kabisa. Mtu huyo ndiye kiongozi wa bidhaa. Kazi yake ni kuchagua kitakachouzwa, kukubaliana bei na masharti na anayekileta, kuamua kiasi cha kuagiza, mahali pa kukiweka na siku ya kukiondoa, kisha kujibu mbele ya wakurugenzi kwa faida ghafi iliyopatikana, yaani mauzo ukitoa gharama ya kununulia bidhaa. Cheo chake hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni: kwingine ni mkuu wa biashara, kwingine mkuu wa ununuzi, na chini yake huwapo mameneja wa makundi ya bidhaa, kila mmoja na lake, huyu vyakula vikavu, yule vipodozi, mwingine vyombo vya nyumbani.

Anayetaka kufika kwenye kiti hicho ana milango mitatu ya kuingilia. Anaweza kuanzia sakafuni, yaani ndani ya duka lenyewe, akapanda kutoka mhudumu hadi meneja wa tawi. Anaweza kuingia makao makuu moja kwa moja akiwa msaidizi katika ofisi ya ununuzi. Au anaweza kuajiriwa na kampuni inayotengeneza au kusambaza bidhaa, akapanga bidhaa za mwajiri wake katika rafu za watu wengine, na akapanda huko hadi kuongoza mauzo ya supamaketi zote. Wengi huzilinganisha njia hizi kwa mshahara wa mwezi wa kwanza, na kipimo hicho hupotosha. Kinachozitenganisha hasa ni aina ya fedha ambayo mtu anazoeshwa kuijibia tangu mwanzo: sakafuni anajibia mauzo na upotevu wa tawi moja, ofisini anajibia faida ya kundi la bidhaa katika matawi yote, na kwenye kampuni ya bidhaa anajibia mauzo ya mwajiri mmoja katika maduka asiyoyamiliki.

Ukubwa wa soko

Kabla ya kuchagua ngazi ni vyema kutazama kama nyumba yenyewe ina ghorofa. Kenya ndiyo yenye mtandao mkubwa zaidi wa supamaketi za kisasa katika Afrika Mashariki, na hata huko historia yake si ya kutuliza moyo. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilisimama mwaka 2006, ikafufuliwa, kisha ikafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania mwaka 2015. Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Januari 2018, baada ya wagavi waliokuwa wakiidai fedha nyingi kuacha kupeleka mzigo na rafu kubaki tupu, na mwaka 2020 wadai wake wakakubali ifutwe. Tuskys nayo ikaporomoka kuanzia mwaka huohuo. Nafasi hizo zimejazwa na Naivas, iliyoanzishwa na familia moja na ambayo mwaka 2022 iliuza sehemu ya hisa zake kwa wawekezaji wakiongozwa na kundi la IBL la Mauritius. Na Quickmart, iliyoungana na Tumaini kwa fedha za mfuko wa uwekezaji wa Adenia. Na Carrefour, iliyoingia Nairobi mwaka 2016 chini ya Majid Al Futtaim ya Dubai.

Tanzania hali ni nyingine. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka mwaka 2014 na kuiuzia Nakumatt maduka yake, Uchumi ikafunga mwaka uliofuata, na Nakumatt yenyewe haikudumu. Zimebaki supamaketi za watu binafsi na za familia zenye matawi machache, huku sehemu kubwa ya sabuni, unga, mafuta na vinywaji ikiendelea kupitia wauzaji wa jumla wa Kariakoo, Dar es Salaam, hadi kwa Mangi, mwenye duka dogo la mtaani. Tofauti hii haihusu wachumi peke yao. Ofisi ya ununuzi yenye wakuu wa makundi kumi haiwezi kuwapo katika kampuni yenye matawi matatu, ambako mwenye mali mwenyewe ndiye mnunuzi, na aliyeajiriwa hupeleka karatasi za kusainiwa. Kwa sababu hiyo ushauri unaomfaa kijana wa Nairobi unaweza kumpoteza mwenzake wa Mwanza.

Kuanzia sakafuni

Mlango huu ndio ulio wazi zaidi. Hauhitaji shahada, na mwenye cheti cha kidato cha nne anayefika kazini kwa wakati na asiye na doa la wizi anaweza kuwa msimamizi wa idara katika miaka michache. Njia yenyewe inajulikana: mhudumu wa rafu, msimamizi wa idara, msaidizi wa meneja, meneja wa tawi, na kwa wachache meneja wa kanda anayezungukia matawi kadhaa.

Anachojifunza mtu wa sakafuni hakifundishwi darasani. Anajua kwamba mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka, watu hununua mfuko mkubwa wa unga, na ikifika tarehe 20 hununua pakiti ndogo; anajua kwamba mvua ikinyesha jioni mkate huisha na mboga hubaki; anajua kwamba bidhaa iliyopangwa upya na makao makuu katika mpango mzuri wa rafu haiwezi kukaa hivyo katika tawi lake kwa sababu nguzo ya jengo imesimama katikati. Anazoea kutanguliza mzigo wa zamani na kuweka mpya nyuma, kuhesabu mali usiku, na kugundua kwamba katoni iliyopokelewa haikuwa na idadi iliyoandikwa kwenye ankara.

Somo kuu la sakafuni ni upotevu, na hapa ndipo mtu huanza kufikiri kama kiongozi. Tuseme duka linabakiwa na shilingi 2 za faida halisi katika kila shilingi 100 za mauzo, jambo la kawaida katika biashara ya vyakula. Mzigo wa shilingi 10,000 ukiibwa, ukavunjika au ukapitwa na tarehe, duka linapaswa kuuza bidhaa za shilingi 500,000 ili kurudisha hasara hiyo. Meneja wa tawi aliyeielewa hesabu hii haichukulii rahisi katoni moja ya mtindi iliyosahauliwa nyuma ya jokofu, na akija kukaa ofisini hataagiza mtindi kupita kiasi kwa sababu tu mgavi ametoa punguzo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inamfundisha mtu kutekeleza maamuzi ya wengine. Meneja wa tawi hapangi bei, hachagui wagavi, na mara nyingi haoni faida ghafi ya kila bidhaa. Mfumo humwonyesha mauzo, upotevu na gharama za wafanyakazi. Anaweza kuongoza watu 150 kwa ustadi, akapandishwa kuwa meneja wa kanda, na miaka kumi na mitano baadaye akawa hajawahi kuketi mezani na mgavi kujadili bei. Ngazi yake inaelekea kwenye ukuu wa uendeshaji, ambacho ni cheo kikubwa na chenye heshima, lakini si uongozi wa bidhaa. Saa zake nazo ni ngumu: Desemba, Ramadhani ikielekea Idi, wiki ya kufungua shule, siku ambazo wengine wako na familia zao, yeye yuko dukani amesimama.

Kuna upenyo mmoja sakafuni ambao wengi huudharau, nao ni idara ya vyakula vibichi: mikate inayookwa dukani, nyama, mboga, matunda, vyakula vilivyopikwa. Hapa msimamizi wa tawi huachiwa maamuzi ambayo katika idara nyingine hufanywa makao makuu, kwa sababu nyanya haziwezi kusubiri barua pepe. Yeye huamua asubuhi ni mikate mingapi iokwe, jioni ni bei gani ishushwe ili kisibaki kitu, na wiki ijayo ni mkulima yupi apunguziwe oda. Anaonja kazi ya mnunuzi akiwa bado amevaa aproni. Kwa maoni yangu, kijana aliye sakafuni na anayetaka uongozi wa bidhaa aombe kuhamishiwa huko mapema, hata kama baridi ya chumba cha nyama haipendezi.

Ofisi ya ununuzi

Njia ya pili ndiyo fupi kuliko zote kuelekea kiti chenyewe, na ndiyo yenye mlango mwembamba zaidi. Kampuni yenye matawi 40 inaweza kuwa na mameneja wa matawi 40, lakini wanunuzi wake wakuu hawazidi wachache wanaotosha chumba kimoja. Wanaoingia huwa na shahada ya biashara, uhasibu, takwimu au ugavi, na huanza kwa kazi isiyo na fahari: kuingiza bei katika mfumo, kufuatilia oda zilizochelewa, kulinganisha ankara na stakabadhi za kupokea mzigo, kuandaa ripoti ya bidhaa ambazo hazijauzwa hata moja kwa mwezi mzima.

Msaidizi huyo, akiwa makini, anajifunza jambo ambalo ndilo msingi wa taaluma nzima, nalo ni kutazama faida pamoja na mzunguko, yaani mara ambazo mzigo huuzwa ukanunuliwa tena. Tuchukue mfano. Kampuni imeweka shilingi milioni 1 katika sukari na shilingi milioni 1 nyingine katika vyombo vya kioo. Sukari inaleta faida ya shilingi 6 kwa kila shilingi 100 za gharama, vyombo vinaleta shilingi 40, na mtu asiyezoea atasema vyombo vipewe rafu zaidi. Lakini sukari ikizunguka mara 24 kwa mwaka, milioni ileile inaleta shilingi milioni 1.44, ilhali vyombo vikizunguka mara 3 vinaleta shilingi milioni 1.2. Juu ya hayo, sukari ndiyo iliyomtoa mteja nyumbani. Hata hivyo hesabu haiishii hapo, kwa kuwa sukari inachukua nafasi stoo, inapasuka mifuko, na bei yake hupanda na kushuka kwa maamuzi ya serikali kuhusu uagizaji. Mnunuzi hodari ni yule anayejua ni lini aipunguzie sukari nafasi ingawa hesabu ya kwanza inaipendelea.

Baada ya hesabu huja majadiliano. Bei ya kununulia ni kipengele kimoja tu. Kuna muda wa kulipa, kuna punguzo linalorudishwa mwisho wa mwaka kama kiasi fulani kimeuzwa, kuna nani abebe hasara ya kilichopitwa na tarehe, kuna mchango wa matangazo, kuna nafasi ya mwisho wa rafu inayotazama njia kuu ya duka, ambayo wagavi huigombea. Mnunuzi anaweza kushinda bei na kushindwa katika muda wa kulipa, au kupata punguzo kubwa kwa kukubali mzigo ambao hautauzika kabla ya kuharibika.

Meza hiyohiyo ndiyo yenye mtego. Anayeamua ni kampuni ipi ipate rafu katika matawi yote hupelekewa bahasha, safari, simu mpya, ada ya shule ya mtoto. Hakuna mlango kati ya hii mitatu unaoharibu jina la mtu haraka kama huu, kwa kuwa wagavi huzungumza wao kwa wao na soko ni dogo. Aliyepokea chai kwa mmoja atajulikana kwa wote kabla ya mwaka kwisha. Kijana anayeomba kazi hii aulize wazi kampuni ina kanuni gani kuhusu zawadi, na kama wanunuzi huhamishwa kutoka kundi moja hadi jingine kila baada ya muda. Kampuni inayowahamisha inajilinda na rushwa, na papo hapo inawapa upana wa ujuzi wanaouhitaji ili kuwa wakuu.

Udhaifu mwingine ni umbali na mteja. Mnunuzi anaweza kukaa mwaka mzima akitazama jedwali linaloonyesha kwamba sabuni fulani haiuzwi Eldoret, akaiondoa, bila kujua kwamba ilikuwa stoo muda wote kwa sababu tawi halikuwa na nafasi ya kuipanga. Mameneja wa matawi huwaona wanunuzi wa aina hiyo kuwa watu wa makaratasi, na mkuu wa bidhaa asiyesikilizwa na matawi hawezi kuongoza, kwa kuwa maamuzi yake yote hutekelezwa na watu wasiokuwa chini yake.

Neno moja kuhusu vyeti. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria mwaka 2007 za kusimamia wataalamu wa ununuzi na ugavi, na ndiyo maana Tanzania kuna Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi yenye mitihani yake. Vyeti hivyo vinaheshimika na vinasaidia ombi la kazi lisomwe. Lakini sehemu kubwa ya mafunzo yake imejengwa juu ya ununuzi wa taasisi: zabuni, kamati, mikataba, ununuzi wa kitu kitakachotumiwa na aliyekinunua. Anayenunua ili kuuza ana swali jingine kabisa, nalo ni kama mtu asiyemjua atakitoa kitu hicho rafuni kwa fedha zake. Mwenye cheti cha ugavi ajazie pengo hilo kwa masomo ya masoko na hesabu za biashara, ambayo vyuo kama Chuo cha Elimu ya Biashara cha Dar es Salaam hufundisha, na zaidi kwa kukaa dukani.

Kampuni ya bidhaa

Njia ya tatu huanza kwa sura inayofanana sana na ya kwanza. Kijana anapanga bidhaa rafuni, anavaa fulana yenye nembo, anahesabu kilichobaki. Tofauti ni kwamba halipwi na duka. Ameajiriwa na kampuni ya sabuni, ya vinywaji au ya unga, na mara nyingi kwa mkataba mfupi kupitia wakala wa ajira, akigawa siku yake kati ya maduka manne au matano. Huu ndio upande dhaifu wa mlango huu: wapanga bidhaa ni wengi, mikataba yao ni mifupi, na wapo wanaokaa miaka kadhaa bila kuingizwa katika orodha ya waajiriwa wa kampuni yenyewe.

Hata ajira yenyewe ina utata wa kisheria. Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, mwendeshaji wa maduka ya Carrefour nchini humo, faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 za Kenya kwa kutumia vibaya nguvu zake za mnunuzi dhidi ya wagavi wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kula. Miongoni mwa yaliyolalamikiwa yalikuwa mapunguzo makubwa waliyotakiwa kuyatoa, ada za kuingiza bidhaa katika matawi, na kutakiwa kupeleka wafanyakazi wao madukani. Anayefikiria kuanza kama mpanga bidhaa anapaswa kuelewa kwamba nafasi yake iko katikati ya mvutano huo: duka linapenda kazi ifanywe kwa gharama ya mgavi, mgavi angependa asilazimishwe, na sheria imeanza kutazama mpaka ulipo.

Anayevuka hatua hiyo ya kwanza, au anayeingia kwa programu ya wahitimu ya kampuni kubwa, hupata mafunzo ambayo supamaketi nyingi za eneo hili hazina fedha wala utaratibu wa kuyatoa. Hufundishwa kusoma takwimu za soko zima, kupima sehemu ya rafu dhidi ya sehemu ya mauzo, kupanga kampeni ya miezi mitatu na kuhesabu kama ililipa. Hupanda kuwa ofisa mauzo, kisha meneja wa wateja wakubwa anayekaa upande wa pili wa meza ileile ya mnunuzi, kisha mkuu wa masoko ya madukani. Mara nyingi kuna gari la kazi na kamisheni, na kwa miaka ya mwanzo mfuko wake hushiba kuliko wa wenzake wawili.

Lakini anajua kundi moja tu. Mtu aliyeuza vinywaji kwa miaka kumi anafahamu vinywaji mpaka ndani, hajui lolote kuhusu nguo za watoto, na amezoea kutetea bidhaa za mwajiri mmoja. Akihamia supamaketi hulazimika kujifunza kitu kigumu, kukata bidhaa anayoipenda kwa sababu mshindani wake analeta faida zaidi kwa kila futi ya rafu. Wapo wanaoshindwa, wakabaki wauzaji waliokaa kwenye kiti cha mnunuzi.

Tanzania, hata hivyo, njia hii inazishinda nyingine mbili kwa urefu. Makundi ya viwanda na biashara kama Bakhresa na MeTL yana bidhaa za aina nyingi, na huko ngazi ya kupanda ipo kweli. Kiongozi wa huko hashughuliki na mpango wa rafu wa supamaketi pekee. Anasimamia mawakala wa mikoa, wauzaji wa jumla wanaochukua mzigo kwa mali kauli, yaani kwa kulipa baada ya kuuza, na maelfu ya maduka ambayo rafu yake ni ubao uliopigiliwa ukutani. Anaamua saizi ya pakiti, kwa sababu Mangi anauza kwa sarafu iliyoko mkononi mwa mteja, na anaamua ni nani akopeshwe na kwa siku ngapi. Huo ni uongozi wa bidhaa uliokamilika, ingawa hauna jokofu la kioo wala muziki wa dukani.

Zikiwekwa pamoja

Kwa urahisi wa kuingia, sakafu inaongoza, kampuni ya bidhaa inafuata, ofisi ya ununuzi ni ya mwisho. Kwa kipato cha miaka mitano ya kwanza, kampuni ya bidhaa kwa kawaida inaongoza kwa aliyeajiriwa na kampuni yenyewe, na huwa ya mwisho kwa aliye chini ya wakala. Kwa ukaribu na kiti cha mkuu wa bidhaa, ofisi ya ununuzi haina mpinzani.

Kuhusu usalama wa ajira, hukumu si nyepesi. Supamaketi inapoanguka, mnunuzi wake huanguka na jina lililotiwa doa, kwa sababu wagavi wasiolipwa humkumbuka yeye aliyesaini oda wala si mkurugenzi aliyetumia fedha zao kufungua tawi jipya. Meneja wa tawi huondoka na jina safi zaidi na ujuzi unaohitajika kesho yake katika duka la jirani, au Dubai, au Muscat, ambako maduka makubwa huajiri watu kutoka Afrika Mashariki. Aliye kwenye kampuni ya bidhaa anaumia kwa deni lisilolipwa, ila bidhaa zake zinahamia kwa mshindani wa aliyeanguka na kazi inaendelea.

Kuna pia suala la familia. Supamaketi nyingi za eneo hili zilianzishwa na familia, na katika nyingi kiti cha ununuzi hushikwa na ndugu kwa sababu ndipo fedha zinapotokea. Mtu asiye wa ukoo anaweza kufika umeneja wa tawi haraka na kukaa hapo milele. Wawekezaji wa nje wanapoingia, kama ilivyotokea Naivas na Quickmart, nafasi za juu huelekea kufunguliwa kwa waajiriwa, kwa kuwa mwekezaji hutaka ripoti ya faida ya kila kundi la bidhaa na mtu wa kuitetea. Anayeomba kazi atazame ni nani aliyeshika ununuzi kwa miaka kumi iliyopita. Jibu litamwambia mengi kuliko tangazo la kazi.

Kuvuka kutoka njia moja hadi nyingine

Hakuna sharti la kubaki katika mlango ulioingilia. Doug McMillon, aliyeongoza Walmart, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, tangu mwaka 2014 hadi mwanzoni mwa 2026, alianza mwaka 1984 akipakua malori katika ghala la kampuni hiyo wakati wa likizo, akarudi mwaka 1990 akiwa msaidizi wa meneja wa duka mjini Tulsa, na kutoka hapo akahamia ofisi ya ununuzi, ndipo akaanza kupanda. John Furner, aliyemrithi, aliajiriwa mwaka 1993 kama mfanyakazi wa saa katika kitengo cha bustani, naye akapita duka na ununuzi. Kampuni hiyo haifanani na zetu kwa ukubwa, ila mpangilio wa hatua unaeleweka hata kwenye kampuni ya matawi 12: sakafu kwanza kwa muda unaotosha, kisha ununuzi mapema kabla jina halijashikamana na uendeshaji.

Muda unaotosha ni upi? Nadhani miaka miwili hadi minne sakafuni, ikijumuisha angalau Desemba mbili na Ramadhani mbili, inampa mtu karibu yote ambayo sakafu inaweza kumpa kwa ajili ya kazi ya bidhaa. Baada ya hapo kila mwaka unaongeza ujuzi wa kusimamia watu, ambao ni mwema, lakini unamfanya awe ghali kumhamisha: meneja wa tawi anayelipwa vizuri hukataa kuwa msaidizi wa mnunuzi kwa mshahara mdogo, na kampuni hukataa kumpa ununuzi mkuu bila uzoefu. Wengi hukwama hapo. Anayetaka kuvuka avuke akiwa msimamizi wa idara, kabla ya funguo za tawi.

Kutoka kampuni ya bidhaa kwenda ununuzi wakati mzuri ni baada ya kuwa meneja wa wateja wakubwa, kwa sababu hapo mtu amekwisha kujua mbinu zote za upande wa pili. Safari ya kinyume, kutoka ununuzi kwenda kampuni ya bidhaa, ni rahisi na hulipa, kwani kampuni hutamani kuajiri mtu anayejua mnunuzi anafikiri nini. Lakini anayeifanya mapema mno huwa ameuza ngazi aliyokuwa karibu kuimaliza.

Katika mavazi na viatu hesabu hubadilika, na anayelenga huko asifuate kila nililosema. Gauni halirudiwi kuagizwa kila wiki kama unga. Hununuliwa kwa msimu, na lisipouzwa hushushwa bei mpaka faida iishe. Jicho la mitindo na uthubutu wa kukata hasara mapema vina uzito kuliko majadiliano ya punguzo. Mfano mzuri ni kampuni ya Vivo ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2011: inabuni, inashona na inauza katika maduka yake yenyewe, kwa hiyo mkuu wa bidhaa wa huko yuko karibu na fundi kuliko na mgavi.

Nani achague ipi

Mwenye kidato cha nne au cha sita, asiye na mtu wa kumshika mkono, na aliye katika mji wenye supamaketi za matawi mengi, aanzie sakafuni, aombe vyakula vibichi, na huku akilipia masomo ya jioni ya hesabu za biashara aweke macho yake kwenye ofisi ya ununuzi. Mwenye shahada na kichwa cha takwimu aingie ununuzi moja kwa moja, mradi akubaliane na mwajiri kwamba miezi sita ya mwanzo ataitumikia dukani akifanya kazi kweli, wala si kutembea na daftari. Anayependa kuzungumza na watu, asiyeogopa barabara, na anayehitaji kipato mapema kwa sababu ana wadogo wa kusomesha, kampuni ya bidhaa itamfaa, ila ajipe kikomo: akimaliza mwaka wa pili bado yuko chini ya wakala, aondoke.

Kwa aliye Tanzania na asiyetaka kuhama, ningemshauri aanze na kampuni ya bidhaa hata kama ndoto yake ni supamaketi. Huko ndiko atakakojifunza jinsi mzigo unavyotembea kutoka kiwandani hadi Kariakoo hadi Songea, na minyororo mikubwa ya maduka ikirudi kufungua, itamhitaji mtu anayejua hayo. Katika usaili wowote, wa njia yoyote kati ya hizi, aulize swali moja kabla ya la mshahara: ni ripoti gani ya faida nitakayoonyeshwa kila mwezi, na ni sehemu gani yake nitakayoijibia mimi?